Gitaa la Hawaii: kiingilio ni pesa ngapi, na nani anaruhusiwa kuingia?

Tangazo lilikuwa la ukurasa mmoja. Juu kulikuwa na picha ya mzee aliyelaza gitaa mapajani. Chini yake kulikuwa na tarehe tatu za kufuatana, jina la hoteli, na maneno haya: wageni wote wanakaribishwa. Kwa baba mmoja mzaliwa wa Uvira, ambaye leo anaishi Marekani baada ya miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu huko Tanzania, maneno hayo yalitosha. Siku ya Ijumaa aliomba ruhusa kazini, akampakia binti yake wa miaka 15 ndani ya gari, wakaendesha zaidi ya saa mbili mpaka kwenye hoteli hiyo.

Hawakuingia moja kwa moja. Katika korido, mbele ya mlango wa ukumbi, kulikuwa na meza, na nyuma ya meza ameketi mama mzee, mpole, mwenye daftari. Aliuliza kwanza kama jina la mgeni liko kwenye orodha. Halikuwepo. Akauliza kama mgeni ni mwanachama. Hapana. Kisha akauliza kama mgeni amekuja kupiga au kusikiliza tu. Hapo baba huyo akakosa la kujibu. Kila Jumapili anapiga gitaa kanisani, lakini si gitaa la namna ile. Alikuja kusikiliza, na kama inawezekana, mtoto wake ajifunze.

Kwa jinsi alivyonisimulia kwa simu, mama yule alimwita mwenzake. Mwenzake akasema mgeni hulipa siku zote tatu, zaidi ya dola 100, hata kama atakaa saa moja. Mtu wa tatu akapita na kusema hapana, mchana ni bure kwa anayesikiliza, kinacholipiwa ni karamu ya usiku. Mama wa meza akakumbuka kwamba mwaka uliotangulia kulikuwa na bei ya siku moja, lakini mwaka huu hakuiona kwenye karatasi. Mfukoni baba alikuwa na dola 60, na ndani yake mlikuwa pesa ya mafuta ya kurudi nyumbani. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyemwambia aingie. Kwa dakika karibu arobaini yeye na binti yake walisimama koridoni, wakisikia muziki kila mara mlango ulipofunguliwa.

Jina la shirika lililoandaa mkutano huo hatulitaji, maana jambo hili si la shirika moja. Mikutano midogo ya wapenda muziki, inayoandaliwa na watu wa kujitolea ndani ya hoteli, hukutwa na mkanganyiko huu huu mara kwa mara. Tunaloweza kufanya hapa ni kueleza unatoka wapi, na kwa nini kosa la karatasi moja linaweza kuamua nani atarithi chombo cha muziki na nani atabaki mlangoni.

Linamhusu nini Mkongomani?

Msomaji wa Bukavu au Bunia anaweza kujiuliza: gitaa la Hawaii na sisi tuna habari gani? Tuna habari nalo kuliko tunavyokumbuka.

Hawaii ni visiwa katikati ya bahari ya Pasifiki. Leo ni jimbo la Marekani, lakini mpaka mwaka 1893 vilikuwa na ufalme wao. Gitaa lilifika huko katika karne ya 19, likiletwa na wageni, wakiwemo wachunga ng'ombe kutoka Mexico. Wenyeji wakalegeza nyuzi zake kwa namna yao. Heshima ya kuanzisha upigaji wa chuma hupewa Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 katika kijiji cha Laie, kisiwa cha Oahu. Inasimuliwa kwamba karibu mwaka 1889, akiwa kijana wa shule ya Kamehameha huko Honolulu, aliokota kipande cha chuma kando ya reli, akakitelezesha juu ya nyuzi, na sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mtu anayeimba bila maneno. Toka hapo gitaa likalazwa mapajani. Mkono wa kulia unachuna nyuzi, wa kushoto unatelezesha chuma. Vidole havibonyezi ubao tena.

Mwaka 1904 Kekuku aliondoka visiwani kwenda kupiga na kufundisha Marekani bara, na baadaye Ulaya. Alifariki mwaka 1932 huko New Jersey, mbali na kwao. Wakati huo gitaa lake lilikuwa limekwisha kuzunguka dunia. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yalifanya muziki wa Hawaii upendwe Marekani nzima, na sahani za santuri zikaufikisha kila bandari. Kulikuwa hata na makampuni, kama ile ya Oahu katika mji wa Cleveland, yaliyouza magitaa pamoja na masomo yake kwa watoto wa familia za kawaida.

Kuna jambo lingine ambalo wapiga seben wetu wangefaa kulijua. Gitaa la umeme la kwanza kufanikiwa sokoni halikuwa gitaa la kusimama nalo. Lilikuwa gitaa la Hawaii, lililoundwa California na George Beauchamp pamoja na Adolph Rickenbacker, likaanza kuuzwa mwaka 1932. Kwa umbo lake watu walilipa jina la utani la kikaango. Lilitengenezwa kwa sababu sauti ya gitaa la mapajani ilimezwa na tarumbeta za okestra. Solo zinazosikika leo katika baa za Kadutu zina deni kwa kikaango hicho.

Huku kwetu, sauti hiyo ilisikika Leopoldville mapema katika miaka ya 1950. Zacharie Elenga, aliyejulikana kama Jhimmy, alirekodi katika studio ya Opika, na namna yake ya kutega nyuzi iliitwa hawaïenne, hata jina hilo likawa sehemu ya jina lake. Nyuma yake akaja Nicolas Kasanda, yaani Docteur Nico, mzaliwa wa Kasai. Ndiye aliyepiga gitaa katika African Jazz ya Grand Kallé, kisha African Fiesta pamoja na Tabu Ley Rochereau, kisha Sukisa. Nico hakuishia kwenye gitaa la kawaida. Katika miaka ya 1960 alilileta gitaa la Hawaii lenyewe ndani ya rumba, na nyimbo hizo bado zinapigwa kwenye redio zetu usiku, ingawa wengi hawajui chombo wanachokisikia ni kipi. Nico alifariki Brussels mwaka 1985. Hakuacha shule ya gitaa hilo, na wanaolijua katika nchi yetu leo ni wachache sana.

Ndiyo maana baba wa Uvira aliliona tangazo lile na kusimama. Sauti hiyo aliisikia utotoni, nyumbani kwa mjomba wake aliyekuwa na santuri. Hakwenda kuangalia maajabu ya Wazungu. Alikwenda kutafuta kitu alichokijua kwao.

Mambo matatu ndani ya jina moja

Mkanganyiko wa kwanza uko katika neno mkutano lenyewe. Chini ya neno hilo kuna mambo matatu tofauti, na kila moja lina hesabu yake.

La kwanza ni chama. Wapenzi wa gitaa hili wamejikusanya katika mashirika yasiyotafuta faida. Mwanachama hulipa kotizasyo kila mwaka, hupata habari za chama na hushiriki katika maamuzi. Mara moja kwa mwaka wanachama hukutana. Kwa upande huu, mkutano ni wa wenyewe, kama likelemba: asiyeweka mchango hawezi kudai zamu.

La pili ni darasa. Mchana kuna mafunzo. Mpigaji mwenye uzoefu anaonyesha namna ya kushika chuma, namna ya kutega nyuzi, namna ya kuifanya sauti itetemeke bila kupotea. Mwalimu huyo pengine ametoka mbali, na tiketi yake ya ndege imelipwa na mtu. Darasa lina bei, na bei hiyo inaweza kuwa ndani ya ada ya uandikishaji au nje yake.

La tatu ni jukwaa. Na hapa ndipo Mkongomani anapochanganyikiwa zaidi. Kwetu, mwanamuziki hulipwa na msikilizaji hulipa. Hata kama mwanamuziki analalamika kwamba promota amemdhulumu, kanuni haibadiliki. Katika mikutano ya namna hii kanuni imegeuzwa: sehemu kubwa ya wanaopanda jukwaani ni wale wale waliolipa ada ili waje. Kila mmoja hupewa muda wake mfupi, wenzake wakimsindikiza kwa besi na gitaa la kawaida, kisha anashuka na kuwa msikilizaji wa anayefuata. Wapigaji na wasikilizaji ni watu wale wale.

Katika mpango kama huo, msikilizaji mtupu hana mahali pake kwenye karatasi. Hakuandikwa kwa sababu hakufikiriwa. Mama wa meza hakuwa mkorofi alipouliza kama mgeni anapiga au anasikiliza. Alikuwa anatafuta mstari wa kumweka, na mstari huo haukuwepo.

Hoteli inataka nini

Mkanganyiko wa pili unatoka kwenye mkataba wa hoteli, ambao mgeni haujui na aghalabu hata mwanachama wa kawaida haujui.

Shirika dogo halina jengo. Linakodi ukumbi. Hoteli nyingi za Marekani hukubali kutoa ukumbi kwa bei nafuu, au bila bei kabisa, kwa sharti moja: kikundi kijaze vyumba fulani vya kulala na kununua chakula cha kiasi fulani. Vyumba visipojaa, shirika hudaiwa upungufu. Juu ya hapo kuna vyombo vya sauti, bima, na malipo ya haki za watunzi wa nyimbo, ambayo sheria za Marekani zinayadai pale muziki unapopigwa mbele ya watu.

Tuchukue mfano wa kuhesabu tu. Tuseme gharama zote za siku tatu ni dola 6 000, na waliojiandikisha ni watu 80. Kila mmoja anapaswa kutoa dola 75 ili shirika lisiingie deni. Sasa waje watu 15 wa siku moja, ambao hawakulala hotelini wala hawakula chakula chake. Kwa mtunza hazina, watu hao ni tatizo: wanakalia viti, lakini hawasaidii kutimiza mkataba. Akiwaingiza bure, aliyelipa dola 75 atauliza kwa nini yeye alipe. Akiwatoza bei nzima, hawatarudi. Akiweka bei ya siku moja, anaogopa kwamba wenyeji wa karibu, waliozoea kulipa siku tatu, wote watahamia kwenye bei hiyo, na hesabu itavunjika.

Hofu hiyo ina msingi. Shirika la watu 80 likipata hasara mara mbili linakufa. Lakini mtunza hazina anapoacha bei hiyo bila kuiandika, uamuzi haupotei. Unahamia mlangoni, kwa mama mwenye daftari ambaye hana mamlaka ya kuutoa. Ndiyo sababu watu watatu wa shirika moja walitoa majibu matatu.

Kuna pia wale wanaokuja na mpigaji bila kupiga: mke, mume, mtoto, dereva wa mzee asiyeendesha tena. Je, wanalipa? Je, ada inahesabu karamu ya usiku, au karamu ina tiketi yake? Je, aliyelipa chumba cha hoteli amekwisha kulipa mkutano? Wengi hudhani ndiyo, kwa sababu wamelipa pesa nyingi tayari. Kumbe pesa ya chumba inakwenda hotelini, na shirika linangoja ya kwake. Tena ada yenyewe inaweza kuwa na bei mbili, moja ya wanaolipa mapema na nyingine ya wanaochelewa, hivyo marafiki wawili wanaofika pamoja wanajikuta wamelipa tofauti kwa viti vinavyofuatana. Ugomvi wa mlangoni huanzia hapo.

Anayejua hahitaji kuuliza

Mkanganyiko wa tatu ndio mzito zaidi. Matangazo ya mikutano hii huandikwa na wanaojua kwa ajili ya wanaojua. Mtu anayehudhuria kwa mwaka wa ishirini hasomi tangazo ili ajue bei. Anasoma tarehe tu. Anajua kwamba mchana hakuna anayekagua tiketi, anajua mlango wa pembeni, anajua ni nani wa kumuomba. Kwake karatasi haina kasoro yoyote.

Mgeni ndiye anayeisoma neno kwa neno. Na mgeni wa leo, katika mikutano hii, ndiye wanayemhitaji kuliko mtu yeyote. Gitaa hili lilianza kupoteza vijana tangu miaka ya 1950 na 1960, muziki wa roki ulipokamata redio. Kipindi cha redio cha Hawaii Calls, kilichorushwa kutoka Honolulu tangu mwaka 1935, kilifungwa mwaka 1975. Wengi wa wanaolijua vema leo ni wazee. Viti vikibaki vitupu kwa kuwa wazee hawawezi tena kusafiri, hesabu ya hoteli itavunjika hata pasipo mgeni wa siku moja.

Kwa hiyo kuna kinzani hapa. Shirika linasema linatafuta vijana na watu wapya, na linasema kweli. Lakini utaratibu wake wa mlangoni unampima kila mtu kwa kipimo cha mwanachama wa zamani. Maskini, mgeni wa nchi, kijana asiye na kadi ya benki, wote wanapofika mahali ambapo bei haijulikani, hufanya jambo moja: wanarudi nyumbani kimya. Hawaandiki barua ya kulalamika. Shirika halitajua kamwe kwamba walikuja. Bei kubwa iliyoandikwa wazi inamwambia mtu aweke akiba. Bei isiyoandikwa inampa mashaka tu: huenda ninaombwa zaidi kwa sababu ya sura yangu, huenda nimekosa kuelewa Kiingereza, huenda hapa si mahali pangu. Baba wa Uvira alikiri kwamba mawazo yote matatu yalimpitia akiwa koridoni, ingawa hakuna aliyemkosea heshima.

Hawaii wanafanyaje, na Goma ilifanyaje?

Huko Hawaii kwenyewe historia inafundisha jambo. Kufikia miaka ya 1970, gitaa hili lilikuwa linapotea mahali lilipozaliwa. Jerry Byrd, mpigaji mashuhuri mzaliwa wa Ohio, alihamia Honolulu mwaka 1972 na kuanza kuwafundisha vijana wa visiwani. Mmoja wa wanafunzi wake, Alan Akaka, naye akawa mpigaji mkubwa na mwalimu. Mnyororo uliokuwa ukikatika ukaungwa tena, kwa sababu kuna mtu alifungua mlango wa darasa.

Leo Hawaii ina tamasha za gitaa hili, huko Maui na Waikiki, ambako watu huangalia maonyesho bila kulipa kiingilio. Hii haina maana kwamba hazina gharama. Kuna anayelipa: hoteli au kituo cha biashara kinachotaka watalii wapite mbele ya maduka, wafadhili wa utamaduni, na wapenzi wanaochangia. Shirika dogo lililo katikati ya Marekani, mbali na pwani ya watalii, halina mfadhili kama huyo. Kuliambia lifanye kila kitu bure ni kuliambia lifunge.

Sisi pia tuna mfano. Tamasha la Amani la Goma lilipofunguliwa mwezi wa pili mwaka 2014, kiingilio kilikuwa dola moja kwa siku. Dola moja haikulipia jukwaa, vyombo wala wasanii kutoka nje. Wafadhili na mamia ya vijana wa kujitolea walibeba mzigo huo. Lakini bei ilikuwa moja, na kila mtu mjini aliijua, kuanzia mwendesha pikipiki hadi mwalimu wa chuo. Aliyekosa dola moja alijua amekosa nini, na aliyeipata alijua ataingia. Bei ndogo ilisaidia, na uwazi wake ulisaidia zaidi, kwa sababu haukumlazimu mtu kujieleza mlangoni yeye ni nani.

Karatasi ingesema nini?

Dawa ya mkanganyiko huu haihitaji pesa. Inahitaji nusu ukurasa na mtu mmoja wa kuamua kabla ya siku ya kwanza. Nusu ukurasa huo ungejibu maswali matano.

Kwanza: asiye mwanachama anaruhusiwa, ndiyo au hapana? Kama lazima ajiunge kwanza, iandikwe, na maneno kwamba wageni wote wanakaribishwa yaondolewe.

Pili: anayesikiliza tu, kwa siku moja au kwa onyesho la usiku, analipa ngapi? Kama ni bure, liandikwe neno bure.

Tatu: ada inahesabu nini ndani yake? Darasa, chakula, karamu na chumba vitajwe kimoja kimoja, vilivyo ndani na vilivyo nje.

Nne: wanafunzi na watoto wanalipa ngapi? Kwa chombo kinachotafuta warithi, mstari huu ndio wa maana kuliko yote. Mtunza hazina anayeogopa kuvunja hesabu anaweza kuweka viti kumi vya vijana wa chini ya miaka 18. Viti kumi havivunji mkataba wa hoteli.

Tano: mashaka yakitokea mlangoni, nani anaamua? Jina lake liwe mbele ya mama wa meza, ili asilazimike kuita watu watatu.

Kuna wanaosema kwamba kuandika kila kitu kunaua undugu wa mikutano hii, kwamba uzuri wake ni kuachiana na kuelewana. Kwa waliomo ndani ni kweli. Lakini kuelewana huko ni mali ya wanaofahamiana. Asiyefahamiana na mtu hana chake isipokuwa kilichoandikwa.

Jinsi ilivyoishia

Wakati wa mapumziko, mzee mmoja alitoka ukumbini kutafuta kahawa, chuma chake bado kikiwa mkononi. Alimwona msichana ameegemea ukuta, mkono wake wa kushoto ukienda na kurudi hewani, akiiga alichokuwa amekiona kupitia mlangoni. Mzee akasimama. Akamuuliza kama anapiga. Msichana akasema hapana, lakini babake anapiga, na kwao Kongo kulikuwa na Docteur Nico. Mzee hakuwahi kulisikia jina hilo. Alimpa msichana chuma akishike, aone uzito wake, kisha akawachukua wote wawili na kuwakalisha kwenye mstari wa mwisho. Mama wa meza aliwaangalia wakipita na hakusema neno, na baba anafikiri hata yeye alipumua.

Walisikiliza saa moja na nusu. Walipotoka, baba aliweka dola 10 juu ya meza. Hakuna aliyejua aziandike wapi ndani ya daftari.

Binti sasa anataka kujifunza. Babake amempatia gitaa la zamani na kuinua nyuzi zake kwa kipande cha chuma, na kila jioni wanasikiliza nyimbo za Nico, wakitafuta kwa masikio mahali pa kutelezesha. Mwalimu hawana. Mwalimu wa karibu ni yule mzee wa kahawa, ambaye jina lake hawakuliuliza, na watamkuta tu kwenye mkutano wa mwaka ujao.

Baba aliwaandikia waandaaji mapema, akiuliza swali moja: mtu mzima na mtoto, siku moja, kusikiliza tu, ni pesa ngapi? Jibu lilikuja haraka na kwa adabu. Walimshukuru kwa kupendezwa na gitaa lao, wakamtumia tangazo jipya. Lina tarehe tatu mpya, jina la hoteli ile ile, na chini kabisa, maneno yale yale: wageni wote wanakaribishwa.